Utafiti wa kusoma na kuandika Kiingereza katika darasa lako: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Kidato cha Kwanza

Kwa miaka kadhaa sasa walimu wenzangu wa hapa Dodoma mjini, wa Chamwino, Bahi na Kongwa, wamekuwa wakiniletea rasimu za tafiti zao kuhusu kusoma na kuandika Kiingereza. Baadhi wanasomea shahada Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au Chuo Kikuu cha St John's. Wengine hawasomi popote, wanataka tu kujua kwa nini watoto wao hawaendi mbele. Karibu rasimu zote zinakwama mahali pamoja: mtafiti hajaketi na mtoto hata mmoja akamsikiliza anavyosoma.

Ana dodoso. Ana maoni ya walimu kumi kuhusu uhaba wa vitabu. Ila ukimwuliza yule mtoto wa dawati la tatu anasoma maneno mangapi kwa dakika, na anaelewa nini katika hayo aliyoyasoma, hana jibu.

Baya zaidi ni dodoso lililoandikwa kwa Kiingereza, likagawiwa kwa watoto walewale wanaochunguzwa kama wanaweza kusoma Kiingereza. Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo mara yangu ya kwanza. Watoto walijaza "Yes" kila mahali kwa sababu ya adabu, nami nikaihesabu adabu yao kama takwimu.

Mwongozo huu ni wa utafiti mdogo wa darasani, wa muhula mmoja, unaoweza kufanywa na mwalimu mwenye vipindi vyake vya kawaida na darasa lililojaa. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwani anayeruka ya tatu hukwama kwenye ya nane.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja ya utafiti peke yake. Usiichanganye na andalio la somo.
- Habari fupi tatu za Kiingereza na moja ya Kiswahili, kila moja ya maneno kama 120. Namna ya kuziandika iko Hatua ya 3.
- Kopi za habari hizo: nakala safi moja ya mtoto kwa kila habari, na nakala za kwako za kuwekea alama, moja kwa kila mtoto.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kama inarekodi sauti, vizuri zaidi.
- Rejista ya darasa.
- Karatasi zenye mistari za kuandikia insha, na bahasha kubwa mbili za kuhifadhia, moja ya mwanzo na moja ya mwisho.
- Mwalimu mmoja rafiki atakayekubali kusahihisha karatasi kumi. Mwombe mapema.

Kompyuta si lazima. Hesabu zote za humu zinafanyika kwa kalamu.

Hatua ya 1: Punguza swali

"Changamoto za ufundishaji wa Kiingereza katika shule za sekondari mkoani Dodoma" si swali la utafiti wa mtu mmoja. Mkoa una halmashauri nane na wewe una darasa moja. Swali likiwa pana kiasi hicho utaishia kuokota maoni, kwa sababu ni maoni peke yake yanayookoteka haraka kila mahali.

Swali linalofaa hutaja vitu vinne: kina nani, utabadilisha nini, kwa muda gani, na utapima nini. Kwa mfano: "Je, wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza B wakisoma kwa sauti wawiliwawili kwa dakika 15, mara nne kwa wiki, kwa wiki nane, wataongeza idadi ya maneno wanayosoma kwa usahihi na wataelewa zaidi wanachosoma?"

Piga hesabu kabla hujaridhika. Dakika 15 mara nne mara wiki nane ni dakika 480, yaani saa nane. Ni muda mdogo. Ukiujua mapema hutategemea miujiza, wala hutakata tamaa ukiona mtoto amepanda ngazi moja tu.

*Umefaulu ikiwa:* mwalimu wa hesabu anaweza kulisoma swali lako mara moja na kukuambia utapima nini.

Hatua ya 2: Ruhusa

Kama utafiti ni wa darasa lako na matokeo yatabaki shuleni, zungumza na mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma, uwaachie karatasi moja ya maelezo. Kama ni wa shahada, barua ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndipo ije shuleni. Anza mapema. Barua husafiri polepole kuliko unavyodhani.

Wazazi waandikie kwa Kiswahili, nusu ukurasa. Waeleze kwamba mtoto atasoma mbele yako kwa dakika kumi, kwamba alama hazitaingia kwenye matokeo yake, na kwamba jina lake halitaandikwa popote. Mtoto naye umwulize. Akikataa, mwache.

Mpe kila mtoto namba. Karatasi inayounganisha namba na jina ikae nyumbani kwako, isikae ofisi ya walimu.

Hatua ya 3: Andika habari za kusoma

Usichukue habari kutoka kwenye kitabu cha darasani. Wapo watoto wanaoijua kwa moyo, na utadhani wanasoma kumbe wanakariri.

Andika zako mwenyewe, kuhusu mambo wanayoyajua: kisima kilichokauka, mbuzi aliyepotea siku ya mnada, bibi anayepepeta uwele. Habari ya theluji au ya treni ya chini ya ardhi itapima maarifa ya dunia, na wewe unataka kupima kusoma. Sentensi zangu huwa kama hizi: "The well is dry," said Neema. "We must go to the other village. It is one hour from here."

Kuhusu ugumu, watafiti wana kipimo kinachosaidia. Mwaka 1989 Batia Laufer alionyesha kwamba msomaji wa lugha ya kigeni anahitaji kujua kama asilimia 95 ya maneno ya habari ili aifuate. Mwaka 2000 Hu na Nation walipandisha kiwango hicho hadi asilimia 98 kwa anayesoma peke yake bila msaada. Kwa habari ya maneno 120, maneno mageni yasizidi sita, na mawili au matatu ndiyo salama. Ukifungua vitabu vingi vya masomo ya Kidato cha Kwanza ukahesabu maneno mageni kwenye aya moja, utaelewa kwa nini mtoto wa Baiolojia anatazama dirishani.

Habari zote tatu ziwe na urefu sawa, sentensi fupi sawa, na maswali matano kila moja: matatu ambayo jibu lake limeandikwa wazi, mawili yanayomtaka mtoto afikiri. Zijaribu kwa watoto watano au sita wa mkondo mwingine. Kama mbili kati ya hizo tatu zinawapa watoto haohao matokeo yanayokaribiana, hizo ndizo A na B zako. Ya tatu itatumika kwa kusikiliza.

*Tahadhari:* usipime mwanzo kwa habari A na mwisho kwa B kwa watoto wote. Kama B ni rahisi kidogo, utapata maendeleo ya uongo. Nusu ya watoto waanze na A, nusu na B, kisha mwisho wabadilishane. Jambo hili dogo limeziokoa tafiti nyingi zilizopita mikononi mwangu.

Hatua ya 4: Chagua watoto

Darasa la watoto 72 huwezi kumsikiliza kila mmoja. Chukua rejista, piga kura kati ya namba 1, 2 na 3 upate pa kuanzia, kisha chukua kila mtoto wa tatu. Utapata 24. Usimwachie monita achague, na usichukue walio mstari wa mbele. Njia zote mbili zitakuletea watoto wanaojua.

Usianze wiki ya kwanza ya Januari. Watoto wanaendelea kuripoti hadi Februari, na waliochelewa mara nyingi ndio waliokuwa wakitafutiwa sare na daftari. Ukipima kabla hawajafika, umewaondoa kwenye utafiti wale waliouhitaji zaidi.

Hatua ya 5: Msikilize mtoto mmoja mmoja

Hapa ndipo utafiti wote ulipo. Tenga dakika kumi kwa kila mtoto. Watoto 24 ni saa nne, kwa hiyo watano kwa siku na wiki moja inatosha.

Tafuta mahali patulivu: chini ya mti, stoo ya vitabu, maabara isiyo na kipindi. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha, hutasikia kitu. Pima asubuhi. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kifungua kinywa, ukimpima saa nane mchana, unapima njaa yake.

Msalimie, mwulize habari za nyumbani, mweleze kwa Kiswahili kwamba huu si mtihani. Mpe kwanza habari ya Kiswahili aisome kwa dakika moja. Kisha ile ya Kiingereza, dakika moja. Wewe fuata kwenye nakala yako, kata kwa mstari kila neno alilokosea au kuliruka. Akikwama sekunde tatu, mwambie "endelea" na neno hilo lihesabu kosa. Dakika ikiisha, weka alama alipofikia, mwache amalize kwa utulivu.

Hesabu ni rahisi. Akifika neno la 52 na amekosea maneno tisa, amesoma maneno 43 sahihi kwa dakika.

*Kosa ni lipi na lafudhi ni ipi?* Hapa walimu wengi wanawaonea watoto. Kiswahili kina irabu tano na silabi zake karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mtoto atasema "weli" kwa "well" na "vileji" kwa "village". Hiyo ni lafudhi, usikate. Anayebadilishana "l" na "r" vivyo hivyo, usikate. Lakini akisoma "said" kama "sa-i-di", au "one" kama ile "one" ya "nataka aone", huyo anasoma herufi za Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili. Neno halijafika kichwani. Kata. Ukiwa na shaka, subiri amalize, mwonyeshe neno kwa kidole na umwulize maana yake kwa Kiswahili.

Kisha uliza maswali matano, na umruhusu ajibu kwa Kiswahili. Walimu wenzangu hunipinga hapa. Wanasema tunafundisha Kiingereza, ajibu kwa Kiingereza. Lakini kinachopimwa sasa ni kusoma. Ukimlazimisha ajibu kwa Kiingereza, mtoto aliyeelewa kila kitu atanyamaza, nawe utaandika sifuri kwa mtu aliyestahili tano.

Mwisho, wewe msomee ile habari ya tatu polepole, mara mbili, umwulize maswali yake matano. Sababu ni hii: mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walieleza kwamba kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Ni zao kwa maana ya kuzidisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani.

Ukishapata namba hizo, watoto wako watajigawa wenyewe katika makundi.

Wapo wanaosoma haraka bila kuelewa, wakisoma wenyewe au wakisomewa. Kwetu hawa ni wengi, na ndio wanaotudanganya zaidi. Wamejifunza kusoma Kiswahili, lugha ambayo herufi ikiandikwa inatamkwa, na ustadi huo wanauhamishia kwenye Kiingereza. Sauti inatoka, maana haipo. Tatizo lao ni msamiati na lugha.

Wapo wanaojikwaa kwenye karatasi lakini ukiwasomea wanaelewa. Hawa wanahitaji tahajia, mazoezi ya kutambua maneno, na kusoma kwa kurudia.

Wapo wanaoshindwa vyote viwili lakini Kiswahili wanakisoma vizuri. Anza nao kwenye lugha ya mazungumzo.

Na wapo, usishangae, wanaokwama hata kwenye habari ya Kiswahili. Wengine nyumbani wanazungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe, lakini hiyo si sababu ya kutosha, maana wenzao wa nyumba ya jirani wanasoma vizuri. Hawa tatizo lao ni kusoma kwenyewe. Hakuna mbinu ya Kiingereza itakayowafaa kabla hujawarudisha kwenye silabi, na ni wajibu wako kumwambia mwalimu wa taaluma siku hiyohiyo. Usisubiri ripoti.

*Umefaulu ikiwa:* kwa kila mtoto una namba nne, yaani maneno ya Kiswahili kwa dakika, maneno ya Kiingereza kwa dakika, alama ya maswali ya kusoma na alama ya maswali ya kusikiliza, na unaweza kusema yuko kundi gani.

Hatua ya 6: Chukua sampuli ya uandishi

Hili lifanyie darasa zima, kwa kipindi kimoja. Toa maelekezo kwa lugha zote mbili ubaoni: eleza ulichofanya jana tangu ulipoamka hadi ulipolala. Dakika 20, bila kamusi, bila kutazamiana. Mada hii ni nzuri kwa sababu hakuna asiyekuwa na la kusema, na inamlazimu mtoto atumie wakati uliopita.

Wengi husahihisha kwa alama moja, "7 kati ya 20", na hapo wamepoteza kila kitu. Alama hiyo haisemi nini kifundishwe kesho. Mimi hupima vitu vitatu.

Cha kwanza, idadi ya maneno. Mtoto wa maneno 15 na wa maneno 90 hawako safari moja, hata kama wote wana makosa.

Cha pili, idadi ya sentensi ambazo msomaji anazielewa bila kumwuliza mwandishi. Zihesabu hata kama zina makosa. "Yesterday I go to fetch water" inaeleweka.

Cha tatu, aina za makosa. Chukua mfano huu, ambao sura yake utaikuta katika kila darasa: "My mother she cook ugali. He told me to eat." Mwanzoni unaona uzembe. Tazama tena. "Mother she" imetoka kwenye "mama anapika": mtoto anajua kitenzi cha Kiswahili hakikai bila kiambishi cha mtenda, akakitafutia nafasi kwenye Kiingereza. "He" kwa mama imetoka kwenye "yeye" na "a-", ambavyo havibagui mume na mke. Na "cook" bila alama ya wakati uliopita ni jambo la kutia moyo kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto huyo akiandika Kiswahili hakosei "-li-" hata siku moja. Wazo la wakati uliopita analo. Mwulize, "Kwenye 'nilikwenda' alama ya jana iko wapi? Sasa kwenye 'went' imejificha wapi?" Nimeona nyuso zikifunguka kwa swali hilo.

Orodhesha aina tano za makosa zinazojirudia zaidi darasani kwako, uhesabu kila moja. Tano tu.

*Tahadhari:* mpe mwalimu rafiki karatasi kumi, bila alama zako, ahesabu sentensi zinazoeleweka. Mkikubaliana kwenye karatasi nane au zaidi, kipimo chako kinasimama. Mkitofautiana, msibishane. Andikeni upya maana ya "inaeleweka", mrudie.

Hatua ya 7: Badilisha jambo moja

Ukileta kusoma wawiliwawili, na nyimbo, na kadi za maneno, na klabu ya mdahalo, halafu watoto wakapanda, hutajua nini kimewapandisha.

Acha makundi ya Hatua ya 5 yakuchagulie. Kwa darasa lenye mchanganyiko, mpango huu wa wiki umenifaa:

Jumatatu, zungumzeni kwa Kiswahili kuhusu mada, mweke ubaoni maneno mageni matano na maana zake, kisha mwalimu asome habari kwa sauti watoto wakifuata kwa macho. Jumanne na Jumatano, wawiliwawili wasomeane habari ileile, kila mmoja mara tatu, mwenzake akifuata kwa kidole. Alhamisi, wafunike habari na waandike upya wanachokumbuka, sentensi tano.

Kuanza na Kiswahili kusikutie hofu. Mradi wa vitabu vya Kidato cha Kwanza ulioshirikisha UDOM, Taasisi ya Elimu Tanzania na Chuo Kikuu cha Bristol ulifuata njia hiyohiyo: Kiingereza kifupi na wazi, mazungumzo kabla ya kuandika, na maana za maneno kwa Kiswahili pembeni. Watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wanahitaji daraja la kuvukia.

Kuhusu kusahihisha, weka kalamu nyekundu chini. Tangu John Truscott aandike mwaka 1996 kwamba kusahihisha kila kosa la sarufi hakumsaidii mwanafunzi, watafiti wameendelea kubishana. Dana Ferris alimpinga, akisema marekebisho yaliyochaguliwa na kuelezwa wazi yana faida. Kwa darasa la watoto 72 uamuzi si mgumu. Chagua aina moja ya kosa kwa wiki, sahihisha hilo peke yake, waambie watoto mapema ni lipi. Daftari lililojaa wekundu hufungwa, halifunguliwi tena.

Ukiwa na mkondo wa pili wa kulinganisha, pima watoto wake kwa namna ileile bila kuwapa mbinu mpya, na uahidi kuwapa wiki nane zikiisha. Ahadi hiyo uitimize. Si haki mtoto atumike kama kipimo kisha aachwe.

Hatua ya 8: Andika kila siku

Mistari mitatu kwenye kaunta buku, kabla hujatoka darasani: tumefanya nini, nani hakuwepo, nini kimenishangaza. Ukisubiri jioni umesahau. Ukisubiri Ijumaa utatunga.

Mahudhurio ndiyo yanayoziua tafiti nyingi za huku kwetu. Mvua za Januari hadi Machi ni za kulima na kupalilia, na kuna watoto ambao bila mikono yao mtama na uwele wa nyumbani haupaliliwi. Siku ya mnada nayo ina watoro wake. Usiwafute kimyakimya kwenye orodha. Hesabu kila mtoto amehudhuria vipindi vingapi kati ya 32, na mwisho uwatazame waliohudhuria 25 na zaidi peke yao, na waliobaki peke yao. Tofauti ya makundi hayo mawili inaweza kukueleza zaidi kuliko wastani wa darasa.

Hatua ya 9: Pima tena na usome namba

Rudia Hatua ya 5 na ya 6 vilevile: mahali palepale, asubuhi ileile, maneno yaleyale ya kumkaribisha mtoto, habari zikibadilishana A na B. Kwa kusikiliza, andika habari nyingine mpya uijaribu kwanza kama zile za awali. Usimtie mtoto moyo zaidi ya mara ya kwanza. Najua ni vigumu, kwa sababu sasa unatamani afaulu.

Kisha panga namba kutoka ndogo hadi kubwa. Tuseme watoto watano wa mfano walianza na maneno 12, 18, 25, 31 na 74 kwa dakika. Wastani ni 32, lakini wanne kati ya hao watano wako chini ya 32. Yule wa 74 amevuta namba juu. Namba ya katikati, 25, inasema ukweli zaidi. Mwisho wakiwa na 20, 29, 33, 40 na 76, namba ya katikati ni 33. Andika pia nyongeza ya kila mtoto: 8, 11, 8, 9 na 2. Aliyepanda 2 ndiye aliyekuwa mbele tangu mwanzo, na hiyo inakuambia mbinu yako iliwafaa wa chini.

Sasa tazama alama za maswali. Kama maneno yamepanda na uelewa umebaki palepale, sema hivyo kwa sauti ileile unayotangazia mafanikio. Umewafundisha kutoa sauti haraka, na duru ijayo ni ya msamiati.

*Tahadhari:* usiandike "utafiti umethibitisha kuwa kusoma wawiliwawili kunaboresha Kiingereza." Andika "katika darasa hili, kwa wiki nane, watoto 19 kati ya 24 waliongeza maneno nane au zaidi", au namba yoyote utakayoipata wewe. Bila mkondo wa kulinganisha, ongeza sentensi moja inayokiri kwamba wangeweza kupanda kidogo hata bila mbinu yako, kwa kuwa walikuwa shuleni wakisoma masomo mengine kwa Kiingereza.

*Umefaulu ikiwa:* mtu mwingine akichukua bahasha zako mbili na kaunta buku, atafika kwenye namba ulizofikia.

Hatua ya 10: Ripoti, na kurudisha kwa wenyewe

Kwa shule, kurasa nne zinatosha. Ukurasa wa kwanza uwe na swali na jedwali la namba. Wa pili na wa tatu, ulifanya nini na nini kilikwenda vibaya. Wa nne, karatasi mbili za mtoto mmoja, ya mwanzo na ya mwisho, zikiwa zimenakiliwa kama zilivyo, jina limefutwa. Nimewaona wakuu wa shule wakipita haraka juu ya jedwali na kukaa kimya muda mrefu mbele ya karatasi hizo mbili. Mwenye shahada atafuata muundo wa chuo chake, lakini kurasa hizi nne aziandike kwanza. Sura nyingine zitamfuata.

Kisha rudi darasani na zile bahasha. Mpe kila mtoto insha yake ya Februari na ya Aprili, azitandaze juu ya dawati, azisome zote mbili. Mwambie apigie mstari sentensi moja ya Februari ambayo leo angeiandika tofauti, na aiandike upya chini yake. Kusanya karatasi hizo. Sentensi walizozichagua wao wenyewe ndizo utakazoanza nazo wiki inayofuata.